Pacha wa Kamanda

1

Kamanda Lusekelo aliingia kwenye kliniki yangu ya wanyama kwa kumpiga mlinzi kitako cha bunduki mdomoni. Mzee Ambwene alianguka chali, akatema meno kwenye sakafu niliyotoka kuipiga deki mwenyewe. Kamanda akamruka kama mtu anayevuka dimbwi, akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba," nikajibu, maana shikamoo haina budi kuitikiwa hata ikitoka kwa mtu kama yule. "Mlinzi wangu amekukosea nini?"

"Kaniuliza kama nina miadi."

Alikuwa rika la mdogo wangu wa mwisho, na ndiye aliyemuua mdogo wangu huyo. Kiangazi kilichopita Gwakisa na wenzake walikwenda kufungua lango la maji la bwawa ili watu wa Bondeni wapate ya kunywa, na Kamanda akaamuru wapigwe risasi wote palepale juu ya daraja la lango. Kissa, mjane wa Gwakisa, ndiye mtaalamu wangu wa maabara. Asubuhi hiyo alisimama mlangoni pa maabara akiwa na glavu mikononi, anamtazama yule mtu.

Askari wawili walimwingiza Shaba, mbwa mwekundu mwenye kifua kipana, wakampandisha mezani. Nyuma yao akaja Sajini Mwakalobo, mtu mzima mwenye mvi za kwanza, ambaye kwa sheria ndiye msimamizi wa kipimo.

"Kamanda, silaha," Sajini akasema, akikohoa.

Utaratibu wetu hapa Bwawani ndio huo: pacha akipanda mezani, mwenye pacha huweka silaha chini. Lusekelo akampa bunduki, akatandaza viganja kuonyesha kwamba hana kingine. Mimi niliiona bastola imetuna chini ya shati lake. Sajini naye aliiona, akageuka kutazama kalenda ya chanjo ukutani.

"Baraza limenipa hadi leo kumleta mbwa," Kamanda akaniambia. "Mpime, useme ni mzima, niondoke. Nina kazi."

"Mimi sisemi mtu au mbwa ni mzima kwa kuombwa."

"Sijakuomba."

Nikaanza kazi. Shaba alikuwa pacha wa Kamanda, si mbwa wa kulinda kuku. Alipokuwa bado tumboni mwa mama yake alipandikizwa uboho wa Lusekelo, akazaliwa na damu ya mtu ikizunguka katika mwili wa mbwa. Maisha ya mbwa hukimbia, na damu ile hukimbia nayo, hivyo ugonjwa ambao ungemfikia Kamanda baada ya miaka, kwa Shaba ungejitokeza baada ya miezi. Hakuna anayekabidhiwa funguo za bwawa bila kuwa na pacha. Mkuu wetu wa kwanza alificha saratani yake, na alipoona anakwisha akalipua lango kubwa kwa sababu hakutaka kufa peke yake. Nusu ya Bondeni ilisombwa na maji. Waliobaki ndio waliotunga sheria kwamba pacha akikutwa na saratani, mwenye pacha hufa naye, na waliitunga kwa hasira.

Nilipitisha vidole chini ya taya za Shaba. Tezi zilikuwa zimevimba, kubwa kama mayai ya kwale. Nikashuka mbele ya mabega, kisha nyuma ya magoti, na kote nikakuta hali ileile. Nikazibonyeza moja moja huku nikimtazama mbwa machoni. Tezi inayouma mara nyingi ni ya mwili unaopigana na vijidudu. Tezi ngumu ambayo mbwa hajali ukiibonyeza, hiyo ndiyo inayomfanya daktari ameze mate. Shaba alishtuka nilipogusa bega, lakini nilipogusa goti akaendelea kuhema na ulimi nje. Tezi moja ikasema vijidudu, nyingine ikasema saratani.

"Mitoki hiyo," Kamanda akasema. "Hata watoto wa shule wanapata mitoki."

"Vidole havitoshi kusema ni mitoki wala kusema ni saratani. Hata picha ya kifua haitoshi. Lazima nizitoe seli nizione."

Nilichukua sindano nyembamba, nikaichoma kwenye tezi ya nyuma ya goti, nikaipeleka mbele na nyuma ndani kwa ndani ili iokote seli njiani. Nikaitoa, nikapulizia kilichomo juu ya slaidi ya kioo, nikakitandaza kwa slaidi nyingine. Nikatengeneza mbili kama tunavyofanya siku zote, moja ya kupaka rangi sasa na moja ya akiba. Shaba alinilamba mkono. Wanyama hawajui kuchagua wa kumlamba.

2

Kwenye maabara Kissa alichovya slaidi ya kwanza katika chupa zetu tatu: ya kugandisha seli, ya rangi nyekundu, na ya rangi ya bluu. Rangi hizo hutoka Mbeya, na barabara ya Mbeya aliifunga Kamanda mwenyewe kwa kuogopa wapinzani wake wasiletewe risasi. Kwa hiyo tulikuwa tunabana matumizi. Wiki nzima tulitumia rangi zilezile, na kila baada ya mgonjwa tulizichuja kwa karatasi, mpaka karatasi za kuchujia nazo zikatuishia. Dakika chache kabla ya Kamanda kufika, tulichovya humohumo slaidi ya Malkia, mbwa jike mzee wa mwalimu mmoja wa hapa mtaani. Malkia alikuwa na saratani ya tezi iliyokwishakomaa, na mwalimu alikuwa ameondoka akilia.

Nilikaa kwenye hadubini. Mwanzoni niliona seli ndogondogo za kawaida, mchanganyiko tu. Nikasogeza slaidi. Nikaona nyingine kubwa, mara tatu ya seli nyekundu ya damu, viini vimejaa mpaka ukingoni, zimefanana kama watoto wa tumbo moja. Hivyo ndivyo saratani ya tezi inavyoonekana. Mwili wenye afya una seli za kila namna, lakini saratani huzaa za namna moja tu na kuzijaza kila mahali.

Niseme ukweli: nilifurahi. Furaha ilinipanda kifuani mpaka nikashika ukingo wa meza. Nilimwona Gwakisa amelala kwenye daraja la lango na ndoo yake pembeni, na nikajiambia kwamba hatimaye yule mtu amepatikana.

"Wifi," nikasema. Kazini huwa namwita kwa jina lake. "Njoo uangalie."

Kissa aliinama. Alikaa pale muda mrefu.

"Ndiyo yenyewe," akasema.

"Una hakika?"

"Wewe ndiye daktari. Unataka niseme nini?"

Sheria ya Pacha ina kifungu kimoja ambacho waliotutangulia walikiweka ili neno hili lisitamkwe ovyo. Daktari anayesema saratani ndiye anayewachoma sindano ya mwisho, mbwa na mwenye mbwa, siku ileile, kwa mkono wake mwenyewe. Madaktari wawili kabla yangu waliacha kazi kwa sababu ya kifungu hicho. Mimi siku hiyo hakikunitisha hata kidogo, na hilo peke yake lingetosha kunishtua.

Nikatoka, nikasimama mbele ya Sajini kama sheria inavyotaka, nikasema, "Ni saratani."

3

Sajini Mwakalobo akasema kwa upole, kama anayemwamsha mtu, "Kamanda, piga magoti. Usitufanye tukuumize."

Lusekelo alitoa bastola na kumpiga risasi ya shingo askari aliyekuwa amemshika Shaba. Kijana yule aliitwa Lwitiko. Alijishika koo, damu ikampita vidoleni na kummwagikia mbwa kichwani, akaanguka akiwa bado ameng'ang'ania mkanda wa Shaba. Risasi ya pili alinielekezea mimi. Nililala chini, ikapita juu yangu na kuingia maabara, na nikasikia chupa zetu zote tatu zikipasuka.

Sajini alifyatua bunduki akiwa ameishikilia kiunoni. Goti la Kamanda lilipasuka, akaenda chini akipiga kelele, lakini bastola hakuiachia. Shaba, akiwa mwekundu zaidi ya kawaida yake, alimrukia Sajini na kuzamisha meno kwenye paja. Alikuwa anamlinda bwana wake, nani angemlaumu. Sajini alimpiga kwa kitako mara nyingi mpaka mbwa akamwachia, akiondoka na kipande cha suruali na nyama.

Kamanda aliegemea ukuta na kuinua tena bastola. Hapo Kissa alitoka maabara amebeba stuli ya chuma. Hakukimbia. Alimpiga nayo mkononi, mfupa ukalia, bastola ikateleza chini ya meza. Akampiga tena mkono uleule, kisha begani, kisha uso, na kila alipoinua stuli alikuwa akitoa sauti ndogo kama mtu anayetwanga. Ilibidi nimkumbatie kwa nyuma ndipo akaacha.

Walimfunga Kamanda kwenye meza ya upasuaji kwa mikanda ya ng'ombe, maana ya mbwa haikumtosha. Nilimkaza goti kwa bandeji ili damu isimwishe. Sajini aliketi sakafuni karibu na Lwitiko, paja lake linavuja, akamfumba yule kijana macho. Askari aliyebaki alikuwa anatapika kwenye beseni la kunawia.

"Fanya kazi yako, Daktari," Sajini akasema. "Tumalize."

"Baraza linataka slaidi mbili. Nipe muda niipake ya pili rangi."

Chupa zilikuwa zimevunjika, rangi ya bluu imetapakaa sakafuni. Nilivunja pakiti ya mwisho tuliyokuwa tumeificha kwa dharura, nikaikoroga kwa maji safi kwenye vikombe vipya. Dawa ya sindano nilishaivuta, sindano mbili, ya mtu na ya mbwa, zikawa kwenye trei karibu na meza ya upasuaji. Nilikuwa na haraka. Nilitaka tu kutimiza utaratibu.

Katika slaidi ya pili hapakuwa na seli kubwa hata moja.

Niliipitia yote, kushoto kwenda kulia, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta pete kwenye mchele. Kulikuwa na seli ndogo, za kati, zenye viini pembeni, mchanganyiko wa mwili unaopigana. Na ndani ya seli moja nyeupe nikaona fungu la vijidudu vilivyobanana kama punje kwenye gunzi. Hiyo ni homa ya kupe. Daktari yeyote wa wanyama anaitambua.

Nikairudisha ya kwanza. Sasa nilifanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikazungusha skrubu ya kulengea ya hadubini taratibu. Seli za Shaba zilipoonekana vizuri, zile kubwa zilififia. Zile kubwa zilipoonekana vizuri, za Shaba zilififia. Hazikuwa zimekaa pamoja. Zile kubwa zilikuwa juu ya nyingine, na chache zilikuwa zimejibandika pembeni kabisa ambako sikutandaza kitu. Zilikuwa za Malkia. Ziliambuka kwenye slaidi yake, zikaelea ndani ya chupa ya rangi, zikatua kwa mgonjwa aliyefuata. Ni kosa ambalo kila mmoja wetu huonywa nalo akiwa bado mwanafunzi, na nililiona linanikodolea macho nikalipita, kwa sababu nilikuwa nimeona nilichokitaka.

"Kissa," nikaita.

Alikuja, akaangalia ya pili, akaangalia ya kwanza, akazungusha skrubu kama nilivyofanya mimi. Alijua mara moja. Nadhani alijua tangu mwanzo, lakini sikumuuliza na sitamuuliza.

"Mimi sijaona kitu," akasema kwa sauti ya chini. Aliichukua slaidi ya pili, akaishika juu ya sinki. "Wifi, sijaona kitu. Na wewe hujaona."

"Irudishe."

"Alimuua Gwakisa wakati ameinua mikono. Aliniambia mtu aliyekuwepo. Alikuwa ameinua mikono."

"Najua. Irudishe, mama."

Alilia bila kutoa sauti, akairudisha mezani.

4

Nilitoka nikawaambia. Nilisema nimekosea, kwamba mbwa ana homa ya kupe, kwamba seli nilizoziona zilikuwa za mbwa mwingine. Nilisema yote kwa mkupuo ili nisije nikapunguza kitu.

Sajini Mwakalobo alinitazama, kisha akamtazama Lwitiko aliyefunikwa kwa shuka la kliniki.

"Angalia tena," akasema.

"Nimeangalia."

"Basi angalia mpaka uione."

"Haipo, Sajini."

"Mimi nimempiga risasi mkuu wangu kwa neno lako. Kijana wangu amekufa kwa neno lako. Unajua watanifanya nini huyu akisimama?"

Kicheko kilitoka kwenye meza ya upasuaji. Uso wa Lusekelo ulikuwa umevimba, jicho moja limeziba, lakini alicheka kwa furaha ya kweli.

"Umemsikia daktari. Mimi mzima," akasema. "Nifungue, Mwakalobo. Nitaanza na wewe, na nitaanzia miguuni. Huyu mjane atafuata, kwa mkono mmoja mmoja. Halafu lile lango la Bondeni nitalimwagia zege. Hawatapata tone. Wanywe jasho lao, wakimaliza wanywe machozi." Akanigeuzia jicho lake zima. "Wewe Daktari nitakuacha. Umesema kweli, nami nina shukrani."

Hakuwa anatisha tu. Nilimjua. Sajini naye alimjua, na askari wa beseni alianza kurudi nyuma kuelekea mlangoni. Tungempeleka Barazani amefungwa hivyohivyo, lakini sheria inasema mwenye pacha mzima hurudishiwa funguo zake bila mjadala, na wengi Barazani walikula kwake. Kabla ya giza angekuwa juu ya bwawa na fundi wa zege.

"Sema saratani, Daktari," Sajini akaninong'oneza. "Neno ulishalisema. Liache lilivyo. Mchome, umchome na mbwa, sheria imetimia, sote tukalale kwetu."

"Sema, wifi," Kissa akasema.

Mkono wangu ulikuwa karibu na trei. Nilifikiria jinsi lingekuwa jambo rahisi. Hakuna mtu Bwawani angeniuliza, na Bondeni wangenipikia pilau. Halafu nikafikiria mbwa wote watakaopandishwa meza hii baada ya Shaba. Kama leo ningesema mbwa huyu ana saratani kwa sababu tunamchukia bwana wake, kesho kila mbwa wa mtu asiyependwa angekutwa nayo. Watu wangu wana kitu kimoja tu wanachokiamini kuliko bunduki, nacho ni neno la daktari wa mbwa.

Lakini na lango lile nalo lilikuwa na watu wake, walio hai, wenye kiu.

Nilichukua sindano zote mbili, nikamsogelea Kamanda. Tabasamu lilimkaa usoni kwa muda, akidhani nakuja kumfungua mikanda.

"Huna saratani, Kamanda," nikamwambia. "Nataka ulisikie vizuri. Damu yako ni safi, una miaka mingi mbele yako. Sheria haina neno na wewe leo. Ninayekuua ni mimi."

Alielewa. Alijirusha mpaka meza ikasogea, akaning'ata kifundo cha mkono, meno yakagonga mfupa. Sindano ya kwanza ilikatikia begani kwake. Nilimkalia kifuani kama ninavyowakalia ndama, nikatafuta mshipa wa shingo, damu yangu inamdondokea machoni, nikamchoma ya pili. Alinitukana kwa kilugha chetu, matusi ambayo mtu hajifunzi shuleni. Kisha akaita mama yake. Nilikuwa nimezoea mbwa, ambao hulala haraka na kwa shukrani. Yeye alichukua muda, na muda wote huo nilibaki namtazama, kwa sababu hilo angalau alikuwa ananidai.

Aliponyamaza nilishuka. Nikakaa kwenye stuli ya chuma.

Sajini alikuwa ameshainua bunduki, ameielekeza kwa Shaba, ambaye alikuwa amejikunja chini ya meza akitetemeka.

"Vizuri, Daktari," akasema. "Sasa na huyu, kisha natoka nawaambia watu kwamba ilikuwa saratani."

"Ukimpiga mbwa huyo umetangaza kwamba mimi nimetimiza sheria. Sikutimiza, nimeua. Mwache aishi, kila atakayemwona mitaani ajue Kamanda hakuwa mgonjwa."

"Watakunyonga."

"Huenda."

"Daktari, wanakunyonga kwa ajili ya mbwa huyu?"

"Kwa ajili ya ile," nikasema, nikimwonyesha hadubini kupitia mlango wa maabara. Hakuelewa, au alielewa na hakupenda. Lakini alishusha bunduki.

Kissa alipiga magoti mbele yangu, akanifunga kile kidonda cha meno kwa kitambaa chake cha kichwa. "Sema lile neno moja tu, wifi," akasema. "Nimeshazika mmoja."

Nilimpapasa shavu. Nilikuwa naogopa sana. Nikamgeukia Sajini na kumnyooshea mikono yote miwili anifunge.

"Kissa," nikasema wakati kamba inakazwa, "mbwa ana homa. Mchome dawa ya kupe sasa hivi, umrudie jioni, na usimpe chakula kigumu."